Nusu ya Dawa Niliyompa Shangazi Yako

Bongwe, Ijumaa jioni

Riziki, mwanangu,

Begi lako liko mlangoni na wewe umekwenda kuwaaga wenzako. Nakisia nina saa mbili kabla hujarudi, na katika saa hizo nataka kuliandika jambo ambalo kwa mdomo lingenishinda. Habari za neti, za sabuni, za karatasi za chuo na za nani atakayekupokea Kisumu tumekwisha kuzisema mpaka umeanza kunijibu "ndiyo mama" kabla sijamaliza. Hizo sizirudii. Ninaandika habari za shangazi yako Mejumaa, na za pilipili. Soma mpaka mwisho, kisha unihukumu.

Kesho asubuhi atakuja kukuaga. Atakukumbatia, atalia, na wewe utalia, kwa sababu tangu mwaka jana unampenda kuliko ulivyompenda zamani. Sitaki umkumbatie bila kujua nilichomfanyia. Wala sitaki siku moja ukijue kutoka kwa mwingine.

Ulikuwa darasa la sita kibofu changu kilipoanza haraka. Madaktari wana jina lao, lakini mimi naona haraka ndilo jina linalofaa. Kilikuwa kama mtu anayebisha mlango akipiga kelele za moto. Ukitoka mbio hakuna moto, kuna kijiko kimoja cha mkojo. Ukirudi kuketi, anabisha tena. Na kuna siku mlango haukuningoja niufungue. Wewe ulidhani nafua leso nyingi kwa kupenda usafi.

Unanijua, mimi nahesabu. Kinu kimoja cha pilipili kavu ni mipigo mia tatu, na mwanamke anayenitwangia akiniibia ishirini nasikia. Basi nikalihesabu na hili. Mara ishirini na moja mchana, mara tano usiku. Kutoka kwenye kinu mpaka chooni ni hatua thelathini na nne. Kwenda na kurudi, mchana peke yake, ni hatua elfu moja mia nne ishirini na nane, kwa ajili ya kijiko.

Tena kazi yetu ikaniongezea adhabu. Watu wengine hunawa wakitoka chooni. Sisi watu wa pilipili hunawa kabla ya kuingia, na si kwa maji, maana maji huitembeza tu. Ni mafuta ya nazi kwanza, kila kidole, ufute kwa kitambaa, ndipo sabuni. Nilikufundisha hivyo ukiwa na miaka saba. Ukifanya vizuri ni dakika tatu. Mimi sikuwa na dakika tatu, nilikuwa na nusu dakika. Nikawa naingia na mikono ilivyo. Siku moja ulinikuta nimesimama nyuma ya choo nimeuma pindo la leso, ukaniuliza, mama unalia nini. Nikakwambia moshi.

Katika hali hiyo nilifanya kosa langu la kwanza. Nilimwambia Mejumaa.

Unajua kwamba ni dada mkubwa wa marehemu baba yako, lakini siku hizo hukujua alikuwa nani machoni pa watu. Alifanya kazi kwenye zahanati moja ya Ukunda. Alipiga deki, alichemsha vyombo, alishika taa mganga akishona kidonda. Alivaa koti la kijani, watu wakamwita nesi, naye hakuwasahihisha. Baba yako alikuwa akijisifu kwamba ukoo wake una daktari wake. Mimi sikuwa na mwingine ninayemjua aliyekaa karibu na dawa. Nilimfuata nyumbani kwake, nikamwamkia kwa adabu zote, nikamweleza kwa sauti ya chini, mimi ambaye hata mama yangu sikumweleza. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, neno langu limeingia kaburini.

Kisha akaitazama mikono yangu akanipa ugonjwa wangu. Alisema ni pilipili. Miaka yote naivuta kwa pua na kwa ngozi, sasa imeshuka chini imekaa. Nikiiacha, itaniacha.

Nilimwamini, maana nilikuwa na uchungu wa kunionyesha kwamba ni kweli. Nikafunga vinu. Unaukumbuka mwaka tuliokula muhogo na chumvi? Ndio huo. Miezi minane sikugusa pilipili, hata kwenye mchuzi. Mwezi wa kwanza nilihesabu mara ishirini na moja kwa siku. Mwezi wa nane nilihesabu ishirini na mbili. Hesabu nilikuwa nayo mkononi, Riziki, nimeiandika mimi mwenyewe, na bado kila mwezi nilirudi kwa mwenye koti kumwuliza kama nimeona nilichokiona. Nikilikumbuka hilo najikasirikia mimi kabla sijamkasirikia yeye. Kisha namkasirikia yeye.

Halafu ikaja arusi ya jirani yetu. Nilikuwa mshika mwiko, kama kawaida yangu. Masufuria manne ya pilau, na hakuna aliyekuwa akijua kiasi cha maji kama mimi. Sheria ya jiko la arusi unaijua: mchele ukishaingia, mshika mwiko haondoki. Mimi niliondoka mara tatu. Niliporudi mara ya tatu nikamkuta Mejumaa ameshika mwiko wangu.

"Wifi," akaniambia, wala hakupaza sauti, "keti pale kwenye nazi. Mkono uliotoka kule mara tatu hauingii kwenye chakula cha watu."

Mmoja akauliza kule wapi.

"Kwani hamna habari? Huyu mwenzenu ni mfereji usiofungika. Mwaka wa pili huu. Hata swala zake sijui anaziswalije."

Walicheka. Si wote, lakini waliocheka niliwahesabu, walikuwa kumi na mmoja, na majina yao ninayo mpaka leo. Niliketi kwenye nazi. Nilikuna nazi ishirini na sita bila kuinua kichwa, na kila nilipobishiwa mlango sikuinuka, kwa ukaidi, mpaka ukaidi wenyewe ukaloa. Kufika jioni nilikuwa Mama Mfereji. Kufika Ijumaa ya pili watu wa Ramisi walikuwa wakilijua jina hilo. Nilipofungua vinu tena, katika nyumba thelathini na moja zilizokuwa zikichukua achari yangu ya pilipili zilirudi nne. Nazo nyingine zilisema wazi: achari ya mikono gani.

Wewe ulirudi kutoka shule siku moja kola imechanika na mdomo umevimba. Hukuniambia sababu. Sikukuuliza kwa sababu niliijua.

Siku ile ndipo nilipokuwekea nadhiri bila kukuuliza. Niliapa kwamba Mejumaa atakufa akikuita wewe Sista. Atakuja na ugonjwa wake, atasimama kwenye foleni, na atakayetokea mlangoni mwenye sare nyeupe na saa kifuani atakuwa wewe, nawe utakuwa umesomea, si kuokota koti. Kila mtihani ulioupita ulikuwa kofi nililompiga. Nilipokukatalia kusoma ushoni, ukalia wiki nzima, haikuwa kwa sababu ushoni ni kazi mbaya. Mwaka huu barua ya chuo ilipokuja niliipitisha nyumba kumi na mbili, na ya kwanza ilikuwa yake. Nilimsomea mwenyewe, pole pole, pamoja na muhuri. Wewe ulidhani ni furaha ya mama. Ilikuwa furaha, lakini si ya aina uliyodhani.

Sijawahi kukuuliza kama unautaka uuguzi. Nakuuliza sasa, nimechelewa miaka mitano.

Nirudi kwenye pilipili. Mwaka wa tisini na saba mpishi mkuu wa hoteli moja ya Diani, Mkamba mmoja wa kucheka cheka, alianza kuchukua achari yangu kwa sababu yeye mgeni hakujua mimi ni Mama nani. Siku ya kuonja alinitazama nikitoka na kurudi, akasema, "Mama Achari, umetoka mara mbili na chai haijapoa. Mke wangu alikuwa hivyo hivyo. Ngoja nikuandikie jina la daktari." Akaniandikia nyuma ya karatasi ya vyakula vya siku. Mtu wa Machakos, hata ndugu si ndugu, akafanya kwa dakika moja alichoshindwa kukifanya mtu wa damu ya mume wangu kwa miaka.

Daktari alikuwa Mombasa, kijana bado, aliyesomea ng'ambo. Kwanza alinipa vidonge. Vilinikausha mdomo kama kumbi la nazi, vikanishusha kutoka ishirini na moja mpaka kumi na nane. Kisha akanipa kikombe cha kupimia na kunitaka niandike siku tatu: saa, kiasi, na kama nimeloa. Nilimpelekea daftari la siku kumi na nne. Aligeuza kurasa akaniuliza nani kaniandikia. Nikasema mimi. Akasema ana wanafunzi wasioweza hivyo. Riziki, tangu baba yako afariki hakuna mwanamume aliyenisifu kwa jambo lenye maana mpaka siku ile.

Akalifunga daftari, akasema, "Mama, kuna dawa moja ninayotaka tuijaribu. Lakini nikikwambia inatokana na nini, utacheka au utanipiga."

"Inatokana na nini?"

"Pilipili."

Sikucheka. Nilimwuliza kama ni pilipili hii hii iliyonitia ugonjwa. Akaweka kalamu chini akauliza ni nani aliyeniambia pilipili imenitia ugonjwa. Nilipomwambia nilifunga kazi miezi minane kwa sababu hiyo, akakasirika kwa niaba yangu, akasema maneno ya kizungu ambayo sikuhitaji kutafsiriwa.

Alinieleza hivi, nami nakueleza kwa kuwa itakuwa kazi yako. Kwenye kibofu kuna mishipa ya fahamu inayopeleka habari kwamba kimejaa. Yangu ilikuwa ikipeleka uvumi. Kile kiini kinachowasha kwenye pilipili, wakikitoa peke yake na kukipima, huishika mishipa ile ile, huiwasha kwa nguvu mpaka inachoka, inazira, haipeleki tena kila uvumi. Hakuniahidi kitu. Alisema huko ng'ambo wameitumia zaidi kwa watu walioumia uti wa mgongo, na kwa watu kama mimi bado wanatafuta. Mmoja hupata nafuu na mwingine hupata uchungu bure. Akasema pia kwamba si kitu cha kufanya nyumbani. Kiini chenyewe ni kidogo kuliko chembe, huyeyushwa kwa spiriti na maji ya chumvi, huingizwa kibofuni kwa mpira mwembamba baada ya ganzi, na kuna mtu aliyeketi akikutazama usoni muda wote. Pilipili ya shambani si dawa hiyo, akasema, hata kidogo. Alilirudia neno hilo mara tatu. Iweke idadi hiyo kichwani.

Nikakubali, nikaingia. Ganzi ilinisaidia kama mwavuli unavyosaidia kwenye masika. Dawa hukaa ndani nusu saa, nami nilijua kwamba nusu saa ni kuhesabu mpaka elfu moja na mia nane, kwa hiyo nikahesabu. Nilipofika mia sita nilimtaja Mejumaa kwa jina. Nesi akaniuliza huyo ni nani. Nikasema ni ndugu. Nilipofika elfu moja nilimtaja tena, na safari ile sikusema ndugu.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa mbaya kuliko zote, mara ishirini na sita kwa siku, na kila mara moto. Wiki ya tatu, kumi na tano. Wiki ya sita, tisa mchana na moja usiku. Niliandika tisa nikaitazama ile tisa kama mtu anavyotazama mtoto mchanga. Haikuniponya moja kwa moja. Baada ya miezi saba iliisha nguvu nikarudi, na nitarudi tena. Lakini nilikwenda kwenye maulidi nikaketi kwenye mkeka toka mwanzo mpaka dua ya mwisho, na Mejumaa alikuwa ameketi mbele yangu, na sikuinuka. Nilitaka ageuke aone. Aligeuka.

Tangu hapo kila Idi nilimpelekea chupa ya achari, ile kali kabisa. Nilimtuma mtu aseme ni zawadi ya Mama Mfereji. Hakuwahi kurudisha hata chupa tupu.

Sasa ndipo penye jambo lenyewe.

Mwaka jana, wiki moja baada ya Idi, alikuja kwa mlango wa uani. Yeye ndiye mkubwa, lakini alitangulia kunisalimu. Hakuketi. Alisimama amebana magoti kwa namna ninayoijua kuliko jina langu, na kabla hajafungua mdomo alikuwa amebadilisha mguu mara sita. Sikuhitaji kuambiwa. Nilimwacha asimame.

"Mwanakombo," akasema, "ulipona kwa dawa gani?"

"Dawa ya nini?"

Akatazama nyuma yangu. Wanawake saba walikuwa wakitwanga. "Unajua ya nini."

"Sijui, wifi. Sema."

Michi ilikuwa imekwisha kunyamaza. Akasema, "Ya mkojo."

"Pilipili," nikamwambia.

"Usinicheze."

"Wallahi ni pilipili."

"Inatumiwaje?"

Nikamjibu, "Kwani nesi hapa ni nani, mimi au wewe?"

Wanawake wakacheka. Safari hii walikuwa saba, na nilifurahi kwa kila mmoja wao. Akageuka akaenda, anatembea hatua fupi fupi.

Sikumwambia uongo. Kwa miezi kumi nimejitetea kwa maneno hayo. Kila neno nililomwambia ni la kweli, na nimemwapia kwa Mungu, na Mungu anajua ni kweli. Nilimpa nusu ya dawa tu, Riziki, na nusu niliyomnyima ndiyo iliyokuwa dawa.

Asubuhi ya pili yake jirani yake alikuja kununua kibaba cha pilipili kichaa kavu. Akasema ametumwa na Mejumaa. Nilikipima mwenyewe. Nilijua, si kila kitu, lakini nilijua kwamba mtu hanunui kibaba kizima kwa mchuzi wa mtu mmoja. Nilikijaza, nikaongeza konzi moja juu, nyongeza.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Alifanya wanavyofanya wazazi wetu wote wakishajifungua: akachemsha sufuria, akaiweka chini ya kigoda, akaketi juu yake, akajifunika blanketi kichwa mpaka miguu ajifukize. Ila ndani ya sufuria hapakuwa na majani ya mwarobaini. Wewe ndiwe uliyekuwa njiani unatoka kisimani ukasikia kelele zake. Wewe ndiwe uliyelivuta lile blanketi, ukambeba mgongoni mpaka nje, macho yameziba, kifua kinapiga mluzi, huko chini kumebabuka. Ulimwosha macho kwa maziwa, ukampaka mafuta ya nazi kama nilivyokufundisha mimi, ukasimamisha pikapu ya mchanga barabarani ukampeleka hospitali, ukakaa naye siku nne. Mimi nilibaki nyumbani. Nilisema lazima mtu alinde pilipili, isije ikanyeshewa.

Nilifurahi siku tatu. Sitakuficha. Niliwachekesha wanawake kwenye vinu, nikawaambia mfereji umeshika moto. Nililala vizuri. Kama kuna mtu amekwambia kisasi hakina utamu, hajawahi kukaa kwenye nazi.

Siku ya nne ulirudi. Ulipaka mikono yako mafuta kabla ya kugusa kitu, ukanawa, ukaketi kizingitini, ukasema, "Mama, nimemwuliza mara tatu ni nani aliyemwambia afanye hivi. Anasema ni akili yake mwenyewe." Kisha ukasema, "Angekufa," ukaingia ukalala na viatu.

Mara tatu. Daktari aliniambia mimi mara tatu, na wewe ulimwuliza yeye mara tatu.

Tangu siku ile nimengoja anitaje. Ningejua la kufanya. Nina majibu tayari, yamenoleka: la arusi, la koti la kijani, la muhogo na chumvi. Kila aliyeingia kwa mlango wa uani nilidhani analeta habari. Wale wanawake saba wamenyamaza kwa sababu wanakula kwangu. Lakini yeye je? Mdomo ule ule ambao haukuweza kubeba siri yangu kutoka Ukunda mpaka Bongwe umeibeba hii miezi kumi. Usidhani hilo limenilainisha. Limenitia hasira kuliko yote aliyowahi kunifanyia. Niliponyamazishwa kwenye nazi nilikuwa na haki yangu yote, nzima. Sasa ameketi huko kwake na kikohozi chake, ameishika nusu.

Leo nilikwenda. Baada ya swala ya Ijumaa nilipokwambia naenda kwa mshonaji, nilikwenda kwake. Nyumba ilinuka sabuni na kile ambacho sabuni huwekwa ili kukificha. Na mimi ni mtu wa kuijua harufu hiyo. Nilimkuta amekunja leso nne mapajani. Sikumwamkia.

"Kwa nini hukunitaja?"

"Kwa nani?"

"Kwa Riziki."

Alikunja ya tano kabla ya kunijibu. "Mtoto kanibeba mgongoni, Mwanakombo. Mgongoni kama gunia. Ningemwambia nini, kwamba mama yake..." Hakumalizia. Akasema, "Tena kofi moja nilistahili. Wewe ulipiga mengi kwa mara moja, lakini moja lilikuwa langu."

Nilikuwa nimekwenda na maneno mengine kabisa. Nikamwambia Jumanne ajiandae, nitampeleka Mombasa kwa daktari, na safari hii atapewa dawa nzima kama inamfaa, na kama haimfai atapewa nyingine. Nikamwambia aandike siku tatu, saa na kiasi, na asinidanganye kwenye hesabu. Akaniuliza kama nitamtangaza.

"Nimeshakutangaza," nikamwambia. "Walisikia saba."

"Mimi nilikutangazia kumi na mmoja," akasema.

Alihesabu, Riziki. Miaka yote hii nilidhani ni mimi tu. Akacheka, kucheka kukamtia kikohozi, na kikohozi kikamtia lile jambo, akainuka mbio. Niliketi nikasikiliza miguu yake ikienda uani, hatua kumi na tisa, na hakufika.

Nilimwachia leso yangu mlangoni nikaondoka kabla hajarudi, asinione nimeona.

Usiseme mama ametubu. Mimi sijui nimefanya nini. Sijamsamehe, na nadhani naye hajanisamehe, na hatukuombana. Jumanne kwenye feri ya Likoni nitamwonyesha pa kusimama, penye ukuta, na namna ya kuhesabu kwa kurudi nyuma kutoka mia, maana katikati ya maji hakuna choo na najua urefu wa zile dakika kuliko nahodha. Nataka apone. Nataka awe mkavu, mzima, asimame mbele yangu kwa miguu miwili iliyotulia, ndipo nimchukie kwa haki kama mtu mzima anavyomchukia mtu mzima. Mgonjwa simwezi.

Huko uendako watu watakuambia mambo kwa sauti ya chini. Wewe si Mejumaa, sina shaka na mdomo wako. Ninachokiogopa ni kwamba nimekulea miaka mitano kwa chakula nilichokipika kwa moto wa aina moja, na sijui kimekufanyia nini ndani. Ukiona huitaki kazi hii, rudi. Nitasikitika, watu watacheka, nitawahesabu. Lakini rudi ushone.

Nilitaka kuitia barua hii ndani ya begi, chini ya neti, uisomee Kisumu. Ungeisoma ukiwa mbali, ungekasirika huko huko, na mimi kesho ningeagwa vizuri, ningepata mkono wangu na machozi yangu kama mama wengine. Nilikwisha kuikunja na kuisukuma chini kabisa. Nimeitoa. Nimeiweka juu ya begi, mahali utakapoiona ukiingia, na taa nimekuachia. Mimi niko uani, sijalala, na mlango sijaufunga. Ukija, nitajua umekwisha kusoma. Usipokuja, nitajua vile vile, na kesho nitasimama nyuma ya shangazi yako, sitatangulia kukuaga.

Mama yako,
Mwanakombo